Dunia Kwenye Viti 60,000

Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54. Igawe kwa viti 60,000 vya Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na kila kiti kitabeba miaka kama 75,700. Kiti cha kwanza ni siku Dunia ilipozaliwa, cha mwisho ni leo. Kipenga kimelia!

1. Visukuku vikongwe
Miamba ya Dresser, Pilbara, Australia Magharibi: miaka bilioni 3.48. Humo mna stromatoliti, matabaka membamba yaliyojengwa na vijidudu, moja juu ya jingine. Ni kiti cha 14,000. Greenland inadai bilioni 3.7, ila goli hilo bado linabishaniwa.

2. Muda mrefu kuliko wote
Prekambria, zama za mwanzo kabisa za Dunia: viti 52,900 mfululizo! Samaki, misitu, dinosaria, tembo na sisi tunabanana kwenye 7,100 vilivyobaki.

3. Mkongwe wa Ruhuhu
Nyasasaurus, kutoka miamba ya Manda, bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania: miaka kama milioni 243. Mifupa yake ilichimbwa miaka ya 1930, ikapewa jina rasmi 2013. Ama ndiye dinosaria wa kwanza anayejulikana, ama ni ndugu yao wa karibu. Kiti cha 56,800.

4. Mrefu kupindukia
Dinosaria Giraffatitan wa Tendaguru, Lindi, miaka milioni 150, kiti cha 58,000. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa kutoka porini hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Ujerumani. Leo amesimama Berlin kwa urefu wa mita 13.27. Panga magoli matano, moja juu ya jingine: bado anayapita kwa mita nzima!

5. Matembezi maarufu
Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, miaka milioni 3.66. Mvua ililowesha majivu ya volkano, mababu zetu wakapita kwa miguu miwili na kuacha nyayo. Kisigino kimedidimia, kidole gumba kimenyooka mbele kama chetu. Hata alama za matone ya mvua zimebaki. Kikosi cha Mary Leakey kiliifukua njia hiyo kuanzia 1978. Kutoka hapo hadi leo ni viti 48 tu.

6. Fupi kuliko zote
Holosini, zama tulizomo: miaka 11,700. Mashamba yote, maandishi yote, miji yote kuanzia Yeriko hadi Kilwa, havijajaza hata moja ya sita ya kiti cha mwisho. Kombe la ufupi ni letu, na hakuna wa kutunyang'anya!