Rekodi za Joto Zinazotugusa Luano

Uwanja wa ndege wa Luano, mjini Lubumbashi, uko mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho ndicho kilichoupa mji huo sifa ya mji wa baridi. Usiku wa Julai watu hujifunika blanketi. Joto la kweli huja Oktoba, kiangazi kinapokaribia kwisha na mawingu ya kwanza yanapojikusanya. Mvua za mji huu zimeandikwa tangu 1916, na mwaka 1999 mtafiti Assani alichapisha uchambuzi wa miaka 80 ya takwimu hizo. Rekodi ninazozitaja hapa, za dunia na za kwetu, nimezichagua kwa sababu moja: karibu zote zinamfikia mtu wa Luano, ama kwenye sahani, ama kwenye ndoo ya maji, ama kifuani.

Mwaka wa joto kuliko yote

Ni 2024. Januari 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba wastani wa joto la dunia mwaka huo ulizidi ule wa 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.55 hivi za Selsiasi. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda kuvuka nyuzi 1.5. Wakati huo miaka kumi yenye joto kali zaidi tangu vipimo vianze ilikuwa ile iliyofuatana, kuanzia 2015 hadi 2024.

Ukame uliopandisha bei ya bukari

Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 ziliathirika. Katika hekta milioni 2.2 za mahindi yaliyopandwa, karibu milioni 1 ziliungua juani. Ulihesabiwa kuwa ukame mbaya zaidi nchini humo kwa miaka isiyopungua 40.

Msomaji wa mbali atauliza: hayo ya Zambia yanaihusu nini Lubumbashi? Yanaihusu kila jioni, sufuria inapowekwa jikoni. Jimbo letu la Haut-Katanga linachimba shaba na kobalti, lakini unga wake wa mahindi kwa sehemu kubwa hupita mpaka wa Kasumbalesa ukitokea kusini. Mvua ikikosekana kule, malori ya unga hupungua mpakani, bei ya mfuko hupanda sokoni, na mama aliyezoea kusonga bukari, yaani ugali, mara mbili kwa siku husonga mara moja. Mtoto mwenye njaa akipata malaria au kuhara, mwili wake hauna akiba ya kupigana. Hiyo ndiyo njia ambayo hali ya hewa humfikia mgonjwa, hata kama hakuna cheti cha kifo kitakachoandikwa neno ukame.

Haki isemwe pia. Wanasayansi wa World Weather Attribution waliouchunguza ukame ule walisema chanzo chake kikuu kilikuwa El Niño, si ongezeko la joto duniani. Naliandika hilo kwa makusudi, maana anayetupia kila janga kwenye mabadiliko ya tabianchi huwadhoofisha wenye hoja za kweli. Ukame wa Pembe ya Afrika wa 2020 hadi 2023, uliokausha misimu mitano mfululizo, ni habari nyingine: wataalamu hao hao walikadiria kwamba joto la dunia liliufanya uwezekane zaidi angalau mara 100.

Kipindupindu kikubwa kuliko vyote

Mlipuko ulioanza Zambia Oktoba 2023 uliwapata watu zaidi ya 23,000 na kuua zaidi ya 700, idadi ya wagonjwa ambayo nchi hiyo haikuwahi kuiona. Uwanja wa mpira wa Heroes mjini Lusaka uligeuzwa kituo cha matibabu. Kabla ya hapo Malawi ilipoteza watu zaidi ya 1,700 katika mlipuko wake mkubwa kupita yote. Mwishoni mwa 2025 UNICEF ikasema Kongo yenyewe imo katika kipindupindu kibaya zaidi kwa miaka 25. Mafuriko yakiingia vyooni na kutokea visimani, au ukame ukiwalazimisha watu wengi kuchota kisima kimoja kilichobaki, ugonjwa ni ule ule. Maji yenye klorini na choo kilichochimbwa mbali na kisima huokoa watu kwa gharama ndogo.

Kimbunga kilichodumu kuliko vyote

Freddy, Februari na Machi 2023: siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga kingine chochote kilichowahi kupimwa. Kiliipiga Madagaska na Msumbiji, kisha mvua zake zikaporomosha milima ya kusini mwa Malawi.

Ziwa lililopata joto ambalo halikuwa nalo kwa miaka 1,500

Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walichapisha matokeo ya tope walilolichimba chini ya Ziwa Tanganyika: maji ya juu ya ziwa hilo sasa yana joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Maji moto hukaa juu, maji baridi chini, na virutubisho vya kilindini vinashindwa kupanda kuwalisha samaki. Mlaji wa ndakala (dagaa) mjini Lubumbashi anapolalamika kwamba fungu limepungua, aangalie idadi ya wavuvi, ndiyo, lakini aangalie na joto la ziwa.

Kichuguu cha miaka 2,000

Hapa nitakaa kidogo, maana rekodi hii ni ya ardhi yetu wenyewe. Vichuguu vikubwa vinavyoonekana Luano na kote Haut-Katanga hujengwa na mchwa aina ya Macrotermes falciger, na vingine hufika mita 8 kwenda juu. Vichuguu vinne vya karibu na Lubumbashi vilipopimwa umri kwa kaboni, na matokeo kuchapishwa mwaka 2015, kimoja kilichokwisha kuhamwa kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Chokaa iliyojikusanya ndani yake imehifadhi habari za mvua za zamani, kabla hajazaliwa mtu wa kuziandika.

Leo vichuguu hivyo vinakatwa kwa jembe na sururu. Udongo wake ni mzuri kwa matofali, na matofali huchomwa kwa kuni. Kuni hizo ni miombo: mutondo, muputu, museshi. Miti hiyo hiyo hukatwa magogo, ikapangwa, ikafunikwa nyasi na mabonge ya udongo, ikafuka siku kadhaa mpaka iwe makala, yaani mkaa. Alfajiri magunia yanaingia mjini juu ya baiskeli, mdomo wa gunia umezibwa kwa nyasi na kufungwa kamba, mwenye mzigo akitembea na kuisukuma baiskeli kwa sababu nafasi ya kukaa haipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima kwa picha za satelaiti eneo linaloulisha mji makala: mwaka 1990 msitu ulifunika zaidi ya robo tatu ya ardhi, mwaka 2022 ulifunika chini ya nusu ya ardhi yote. Moshi wa makala nao huingia kwenye mapafu ya anayepika na ya mtoto aliye mgongoni.

Mkojo wenye kobalti nyingi kuliko wote

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga. Viwango vya kobalti vilikuwa vya juu kuliko vyovyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida, na kwa watoto vilikuwa vya juu hasa. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa huenda kwenye betri, zikiwemo za magari yanayotarajiwa kupunguza moshi Ulaya na Uchina. Ilhali Mkongomani mmoja kwa mwaka hutoa chini ya tani 0.1 ya kaboni dioksidi itokanayo na mafuta na viwanda, miongoni mwa viwango vya chini kabisa duniani.

Waya mrefu kuliko wote

Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi mji wa migodi wa Kolwezi, kilomita 1,700, mrefu kuliko wowote wa aina yake wakati huo. Ulijengwa kwa ajili ya migodi, na ulipita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Mpaka leo ni Mkongomani mmoja hivi kati ya watano anayepata umeme, na jiko la Lubumbashi bado linawaka makala. Wanaotawala jimbo na wanaochimba shaba wana uwezo wa kulibadilisha hilo katika kizazi hiki: umeme wa uhakika wa kupikia, kwa bei ambayo muuza mboga wa Luano anaimudu. Waanze na hilo.