Uhai Katika Mchanga Uchemkao

Watu wengi wasikiapo neno bakteria hufikiri maradhi tu: kipindupindu, kifua kikuu na mengineyo. Si ajabu, maana hayo ndiyo yatufikayo majumbani. Lakini wenye kudhuru ni wachache katika jamii kubwa mno, na wengine huishi mahali ambapo hapana mtu angedhani kuwa pana uhai. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana walioko shuleni, habari za mahali pamoja kama hapo.

Kaskazini ya Sicily, katika nchi ya Italia, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Vulcano. Jina lake ndilo lililokuwa jina la milima yote ya moto, tuiitayo volkeno. Mlima wake uliripuka mara ya mwisho baina ya mwaka 1888 na 1890, lakini moto wa chini haujazimika. Ufukweni, penye maji machache ambapo mtu mzima aweza kusimama, mapovu ya hewa hupanda kutoka mchangani usiku na mchana, yakinuka kama yai viza. Hewa hizo ni kabonidioksidi kwa wingi, na haidrojeni salfaidi kwa uchache. Wala si za kufanyiwa mzaha: zilipozidi katika Novemba 2021, meya aliwaamuru watu wa upande wa bandari wasilale majumbani mwao.

Basi hewa imfukuzayo mwanadamu kitandani mwake ndiyo riziki ya viumbe wengine. Penye matundu ya namna hii mara nyingi huonekana utando mweupe juu ya mchanga, na utando huo ni bakteria, maelfu kwa maelfu. Mmea hujitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Bakteria hawa hujitengenezea chao kwa nguvu ipatikanayo haidrojeni salfaidi inapokutana na oksijeni ya maji ya bahari. Ndiyo sababu hukaa pale pale mpakani, moto wa chini unapokutana na ubaridi wa juu.

Ama ndani ya mchanga, mambo ni mengine. Oksijeni hukoma, na joto huzidi. Hapo ndipo mtaalamu wa Kijerumani Karl Stetter, wa Chuo Kikuu cha Regensburg, na wenzake walipochota tope na kulichunguza. Katika mwaka 1986 walieleza habari za bakteria aitwaye Thermotoga maritima, apendaye joto la digrii 80 za sentigredi. Ganda lake la nje limelegea ncha zote mbili mfano wa kanzu pana. Na toga ni vazi pana la Warumi wa kale, ndipo lilipotoka jina. Mwaka huo huo alitajwa jirani yake, Pyrococcus furiosus, ambaye hustawi katika digrii 100, joto la maji yachemkayo kwenye sufuria. Huyu wa pili hufanana na bakteria kwa umbo, lakini ni wa ukoo mwingine, uitwao arkea.

Huenda msomaji akauliza: yatufaa nini haya? Yatufaa sana. Wataalamu hunakili DNA, yaani maandishi ya maumbile yaliyomo katika viumbe hai, kwa kuipasha moto kupita digrii 90, mara baada ya mara. Vimeng'enya vya kawaida huharibika kwa joto hilo. Kimeng'enya cha Pyrococcus hakiharibiki, tena hurekebisha makosa yake chenyewe, na kwa hiyo hutumiwa palipotakiwa nakala sahihi.

Wala tusidhani kuwa chemchemi hizi ni za Italia peke yake. Katika Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, penye Rasi ya Banza, maji ya moto hutoka chini ya ziwa, katika kina kisichofika hata mita 50.

Basi vijana wetu, msiharakie kuliita tope lolote kuwa ni kitu kilichokufa. Tope la Vulcano lilikanyagwa na watu kwa karne nyingi, wakaziba pua, wakapita. Waliojua yaliyomo ni wale waliosimama, wakachota, wakatazama.