Mikwaruzo kwenye plastiki ya ndani ya gari: ipi unaweza kuitoa mwenyewe, na wapi usiguse kabisa

Gari linalofanya kazi kijijini halikosi makovu. Asubuhi limebeba watu, jioni limebeba kreti za soda, madumu na magunia ya mahindi. Mwaka haujaisha, plastiki ya kwenye buti na ya chini ya milango imejaa mistari myeupe. Siku ya kuuza, mnunuzi anafungua mlango, anaitazama ile mistari, na anakata bei kabla hata hajaomba kuona injini.

Habari njema kwako msikilizaji ni kwamba mistari mingi ya aina hiyo inaweza kufifishwa nyumbani kwa gharama ndogo. Habari mbaya ni kwamba wengi huanza na msasa au petroli, na hapo kovu dogo linageuka kuwa doa la kudumu. Tena kuna sehemu za ndani ya gari ambazo ukizichezea kwa moto au gundi unahatarisha maisha ya anayekaa hapo.

Kwa nini plastiki nyeusi inatoa mstari mweupe?

Plastiki nyingi za ndani ya gari, hasa zile ngumu za buti na milango, hazikupakwa rangi. Rangi imechanganywa humohumo tangu kiwandani, kwa hiyo chini ya mkwaruzo bado kuna plastiki ya rangi ileile. Weupe unaouona unatokana na uso uliochanika na kubaki na vijinyuzi vidogo vinavyotawanya mwanga. Jaribu kupitisha kidole chenye maji juu yake: mstari unapotea. Maji yakikauka, unarudi.

Hiyo ndiyo siri ya wauzaji wanaopaka mafuta au dawa ya kung'arisha ndani ya gari kabla hujafika kulitazama. Mafuta hujaza vile vijinyuzi na gari linaonekana jipya kwa siku chache. Ukienda kununua, beba kitambaa chenye maji ya sabuni na uombe kufuta sehemu moja ya mlango. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Anza na sabuni

Kabla ya kuiita alama mkwaruzo, ioshe. Alama nyingi za kwenye vizingiti vya milango ni mpira wa viatu au rangi ya kreti iliyobaki juu ya plastiki. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani vinatosha. Usitumie thina, petroli wala dawa ya kutolea rangi ya kucha. Plastiki ya aina ya ABS, ambayo hutumika sana ndani ya magari, huyeyushwa na thina nyingi na dawa za kucha, na uso wake hubaki umechafuka kama nta iliyoguswa na moto.

Ikikauka, pitisha ukucha kukatisha mstari. Ukucha ukipita bila kunasa, mkwaruzo huo ni wa juu juu na joto linaweza kuusaidia. Ukinasa, kuna plastiki iliyong'oka, na joto haliwezi kurudisha kisichokuwepo.

Joto, lakini kwa subira

Plastiki hizi hulainika zikipata joto, na vile vijinyuzi hulala tena. Kifaa salama kwa anayeanza ni draya ya saluni. Ishike umbali wa kama upana wa kiganja, uitembeze muda wote bila kuisimamisha, na kila baada ya sekunde kumi hivi usimame utazame. Weupe ukianza kufifia, acha papoe kwanza kabla ya kurudia. Usisugue plastiki ikiwa bado na moto.

Mafundi wengine hutumia mashine ya upepo wa moto, ile ya kubandulia rangi. Inafanya kazi haraka, lakini mashine hiyo inaweza kupita nyuzi joto 500, wakati plastiki ya polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 na ABS hulainika mapema zaidi, karibu na nyuzi 100. Sekunde chache za kuzubaa zinatosha kupindisha kipande. Hata kisipopinda, vile vipele vidogo vya uso wa plastiki hulainika na kuacha doa linalong'aa, ambalo huonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Msasa nao hufanya vilevile. Kama lazima ujaribu, omba kipande kibovu gereji ujifunzie hapo. Sehemu zilizopakwa rangi ya fedha au zenye sura ya mbao usizipashe moto kabisa, kwa sababu rangi au utando wake utajikunja.

Pasipoguswa

Tafuta maandishi SRS AIRBAG. Huwa katikati ya usukani, kwenye dashibodi mbele ya abiria, na kwa baadhi ya magari pembeni mwa viti au kwenye nguzo za milango. Nyuma yake kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga. Kifuniko chake kimetengenezwa kipasuke kwa namna maalumu, na mara nyingi mstari wa kupasukia umefichwa kwa ndani, huuoni. Ukiweka puti, gundi au rangi nzito, au ukikilainisha kwa moto, huenda kisipasuke kama kilivyokusudiwa, au vipande vikaruka usoni kwa abiria. Hapo futa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mkwaruzo uache ulivyo.

Ukucha ukinasa

Kwa mkwaruzo wa kina, ushauri wangu ni kubadilisha kipande. Puti inaziba shimo lakini hairudishi vipele vya uso, na kwenye polipropilini gundi na rangi za kawaida hazishiki vizuri, hubanduka baada ya muda. Geuza kipande utazame nyuma: mara nyingi kuna herufi PP au ABS zinazokuambia ni aina gani.

Vipande vya mtumba vinapatikana kwa wauza spea wa mjini, kama Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi. Kabla ya kutuma mtu, piga picha kipande mbele na nyuma, na namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha gari. Toyota Probox, kwa mfano, ilianza kuuzwa 2002, na ile iliyotoka 2014 ina dashibodi tofauti kabisa.

Kung'oa kipande cha zamani fanya mchana gari likiwa limepata jua. Klipu zinazokishika huwa ngumu na rahisi kukatika asubuhi ya baridi. Agiza klipu chache za ziada pamoja na kipande, maana mbili tatu zitavunjika hata kwa fundi mzoefu.