Mtoto Asilipishwe Kosa la Mzazi

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini katika Marekani yuko mtoto ambaye wakubwa wamegombana karibu nusu karne kama yafaa akunjwe au aachwe akauke. Ni mtoto wa mhamiaji asiye na kibali.

Ndugu wasomaji, asili ya ugomvi huo ni hii. Mwaka 1975 jimbo la Texas lilitunga sheria ya kuzinyima shule fedha za kuwafundisha watoto walioingia nchini bila kibali. Mwaka 1977 shule za mji wa Tyler zikamtoza kila mtoto wa namna hiyo dola 1,000 kwa mwaka. Kibarua ataitoa wapi fedha hiyo? Wazazi waliotoka Mexico wakaenda mahakamani. Tarehe 15 Juni 1982, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliamua kuwa watoto hao wasifungiwe shule. Jaji William Brennan, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba mtoto hana amri juu ya mwenendo wa wazazi wake.

Wapinzani husema kwamba fedha ni za walipa kodi, na kwamba shule ya bure huwavuta wengine kuvuka mpaka. Hoja ya mpaka hatuidharau. Kila taifa lina haki ya kujua ni nani aingiaye. Lakini mzazi huyo hulipa kodi dukani kila anunuapo, na pango lake humsaidia mwenye nyumba kulipa kodi ya nyumba. Matajiri wengi wamepokea jasho lake shambani bila kudai cheti. Iweje basi cheti kidaiwe mlangoni pa shule?

Sisi twaujua uchungu huo. Kabla ya Uhuru, shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, na za Waafrika. Utengano huo ulifutwa mwaka 1962, kwa kuwa taifa haliwezi kujengwa kwa madawati ya daraja tatu.

Huko Marekani mlango wa shule ulifunguliwa, ule wa kazi ukabaki umefungwa. Muswada wa kuwapa vijana hao njia ya uraia, uliopelekwa kwanza mwaka 2001, ulikwama katika Seneti Desemba 2010: kura 55 ziliukubali, hali zilihitajika 60. Tarehe 15 Juni 2012, miaka 30 kamili baada ya hukumu ya Brennan, Rais Barack Obama alitangaza kibali cha kazi cha miaka 2 kwa wengi wao. Kibali hicho si uraia. Mwaka 2017 serikali ya Donald Trump ilitaka kukiondoa, na mwaka 2020 mahakama ikazuia namna ilivyofanya hivyo. Texas nayo, iliyokuwa jimbo la kwanza kuwapunguzia vijana hao ada ya chuo kikuu mwaka 2001, iliuacha msaada huo uvunjwe mahakamani Juni 2025.

Funzo ni wazi. Haki itolewayo kwa hisani hunyang'anywa kwa hasira. Kumsomesha kijana miaka 12, kisha kumkataza kuutumia ujuzi wake, ni kulima shamba na kukataa kuvuna. Wafanyakazi popote walipo hawana budi kudai sheria iliyo kamili: mpaka ulindwe kwa haki, na mtoto aachwe asome, kisha afanye kazi kwa heshima.