Kwa nini somo la "klasi" na "vitu" huwatesa wanafunzi wa mwaka wa kwanza

Mzazi anayemlipia kijana ada ya kusomea kompyuta huenda akasikia, mwaka wa kwanza haujaisha, kwamba kijana ana sapu ya somo la kuandika programu. Si lazima awe mvivu. Somo lenyewe lina mtego.

Chukua mfano wa akaunti ya pesa kwenye simu. Mwandishi wa programu anaeleza mara moja tu akaunti ni nini: ina namba, ina salio, inaweza kuweka na kutoa. Maelezo hayo huitwa klasi. Akaunti ya Asha na akaunti ya Juma ndizo vitu. Zimefuata maelezo yale yale, ila kila moja ina salio lake. Na salio haliguswi ovyo. Lazima upitie "toa", ambayo kwanza huangalia kama pesa inatosha.

Wazo hili lilianzia Oslo, Norway, miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya Simula.

Sasa mtego. Mwanafunzi ana akaunti aliyoiita a, yenye shilingi 20,000. Anaandika b = a, akidhani amefungua akaunti ya pili. Katika Java na Python hajafungua kitu. Ameipa akaunti ile ile jina la pili. Akitoa 5,000 kupitia b, anakuta na a imebaki na 15,000, na kompyuta haimwonyeshi kosa lolote. Anaweza kukesha akitafuta pesa ilikoenda.

Walimu nao hawakubaliani pa kuanzia. Wapo wanaotanguliza vitu, na wapo wanaotaka kijana ajue kwanza hesabu, masharti na marudio. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kiliondoa vitu kwenye masomo yake ya utangulizi ya kompyuta. Sisi tunaona hatua hiyo ilikuwa kali mno, kwa sababu kinachokosekana mara nyingi ni mchoro tu: kisanduku kwa kila kitu, mshale kwa kila jina. Programu ya bure ya BlueJ huonyesha visanduku hivyo kwenye skrini.

Kijana akija likizo, mpe karatasi achore b = a. Akichora visanduku viwili, bado hajaelewa.