Usianze na Sura ya Mwisho

Swali hili limenifuata hadi Rangwi, kwenye milima ya Usambara. Huku juu, ukishapita Lukozi, baridi ya Juni na Julai huwaingiza watu ndani mapema na kuwapa saa nyingi za kusoma, nami nilitarajia kuulizwa mengine. Nikaulizwa lile lile: "Mwalimu, mimi ni mgeni wa hizi hadithi za upelelezi. Majina mengi, matukio yanapishana, nachanganyikiwa. Si bora nisome sura ya mwisho kwanza, nimjue muuaji, halafu nirudi mwanzo nikiwa na mwanga?"

Hapana. Na anayewapa ushauri huo anawanyang'anya kitabu mkiwa bado mmekishika mkononi.

Najua ushauri wenyewe unakotoka. Tumewazoesha wanafunzi kuikamua riwaya: dhamira, ujumbe, wahusika, basi. Wengi huingia kwenye mtihani na muhtasari wa kutoa kopi kichwani, riwaya yenyewe hawajaifungua. Mtihani labda watafaulu. Lakini ukiichukua tabia hiyo na kuipeleka kwenye hadithi ya upelelezi utatoka mikono mitupu, kwa sababu humo jibu ndilo jambo dogo kuliko yote. Jina la muuaji ni neno moja au mawili. Kurasa nyingine zote zimeandikwa kwa ajili ya mtu asiyelijua.

Angalia kazi anayoifanya mwandishi. Kidokezo cha kweli hukipitisha mbele ya macho yako mchana kweupe, ila hukipitisha wakati unatazama kwingine: wageni wanagombana sebuleni, na katikati ya ugomvi mtu anataja, kwa kupita tu, kwamba mlango wa uani ulikuwa wazi. Pembeni yake huweka vidokezo vya kupotosha vinavyong'aa zaidi. Wewe usiyejua unamshuku shemeji, sura inayofuata unamwachia, unamgeukia mpishi, unaona haya kwamba ulimwonea, kisha unamshuku yule uliyekuwa ukimpenda tangu mwanzo. Kuhamahama huko kwa shaka ndiko utamu wenyewe. Aliyetangulia kusoma mwisho hana pa kuhamia. Uongo wa mpishi haumshtui na hofu ya mjane haimgusi. Jicho lake linaokota yale tu yanayothibitisha analolijua, na mengine yote linayaruka.

Watoto wetu wanalijua hili tangu utotoni. Anayetega kitendawili hatoi jibu mpaka apewe mji, na sijaona mtoto anayedai jibu kabla ya kutegewa.

Jambo hili la kutanguliza jibu lina uzito zaidi ya burudani, na ndiyo sababu sina subira nalo. Riwaya iliyoifungulia njia hadithi ya upelelezi kwa Kiswahili, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, inalikabili jambo hili hili. Ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa 1960. Mtu ameuawa, maiti iko mzimuni, na jibu liko tayari vinywani mwa watu: ni kazi ya mzimu. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, anakataa kuanza na jibu. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alimwona nani, nani anafaidika. Ukoo wake na Sherlock Holmes, aliyetoka kwa mara ya kwanza 1887, unaonekana wazi. Lakini mzimu ule ni wetu, na woga ule ni wetu. Mwandishi mwenyewe, kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti 1948, alikuwa mkaguzi wa afya kwa miaka kama kumi, na mimi naamini macho ya mkaguzi yamo ndani ya Bwana Msa.

Sasa fikirini jinsi tunavyoishi. Ng'ombe akipotea au mtoto akifa ghafla, wapo wanaokimbilia kwa mpiga ramli wapewe jina, na ushahidi utafutwe baadaye ulifuate jina hilo. Ramli chonganishi imevunja nyumba na kuua vikongwe. Januari 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Msomaji anayedai muuaji kwanza anaizoeza akili yake njia ile ile: jina mbele, sababu nyuma. Hadithi nzuri ya upelelezi inamlazimisha kukaa na shaka, kupima, na kuwa tayari kumwachia mtu aliyekwisha kumhukumu moyoni. Zoezi hilo halipatikani kwa kurukia mwisho.

Mtaniambia kitabu kikishajulikana kimekufa. Si kweli. Kilichoandikwa kwa ufundi kinastahili kusomwa tena, na The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ya 1926, husomeka vizuri zaidi mara ya pili, kwa sababu ndipo unapoona sentensi zilizokudanganya bila kusema uongo. Ila lazima kwanza udanganyike.

Basi, fanyeni hivi. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kisima cha Giningi. Abdulla anapenda mno siri za ukoo, nani mtoto wa nani, kwa hiyo weka karatasi na kalamu, andika majina na undugu wao; ukipotea rudi sura moja nyuma, usiende mbele. Unataka Dar es Salaam, mwendo wa haraka na lugha nyepesi? Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965. Unataka risasi na safari? Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hao wawili wana mapigano mengi kuliko mafumbo, msiwapime kwa kipimo cha Bwana Msa. Someni wawili wawili, mkisimama kila baada ya sura chache kila mmoja ataje anayemshuku na kwa nini. Kabla ya kuazima nakala kuukuu, hesabu kurasa za mwisho kama zipo. Maktaba ya mkoa iko Tanga. Anayeteremka huko awaulizie wenzake.

Na mwenye Siri ya Sifuri au Duniani Kuna Watu, za Abdulla huyo huyo, sandukuni, naomba aitoe iwafikie majirani. Nakala za zamani zinazidi kuwa adimu, na vijana wa Rangwi wanataka kusoma.