Kwa nini mali ya kaskazini yahitaji wasomi wa ardhi na sheria

NDIA Kuu, mtaa unaopita katika Mji wa Kale wa Mombasa karibu na Fort Jesus, ulipata jina lake kutokana na lahaja ya Kimvita, ambayo njia huiita ndia. Kwa karne nyingi wakazi wa mtaa huo waliishi kwa kuzisoma pepo mbili: kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarejesha. Aliyejua misimu hiyo alijua pia lini bidhaa zingeadimika, na nani angetoza ushuru bandarini. Elimu ya maumbile na elimu ya utawala zilikaa katika kichwa kimoja.

Katika vyuo vikuu vya leo elimu hizo hufundishwa katika idara tofauti. Jiografia ya maumbile huchunguza miamba, udongo, mvua, pepo na mito. Utawala wa rasilimali huuliza ardhi ni ya nani, nani huamua itumiwe vipi, na faida yake imwendee nani. Wasomi wanaozimudu zote mbili ni wachache, na kaskazini mwa Kenya ndiko mahali ambapo uchache huo umeleta hasara kubwa zaidi.

Historia ya taaluma hii inaanzia Pwani. Mnamo 1893, John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza, aliondoka Mombasa akiwa na wapagazi wapatao 40. Msafara wa awali alioambatana nao, uliokusudia kufika Ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Turkana, ulikuwa umevunjika. Alifika Baringo na Mlima Kenya, akaeleza jinsi ardhi ilivyopasuka na kudidimia, na mnamo 1896 akachapisha kitabu kuhusu Bonde la Ufa. Baadaye alikuwa profesa wa jiolojia huko Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Gregory aliisoma miamba kwa ustadi mkubwa. Suala la nani angeitawala ardhi iliyokuwa juu ya miamba hiyo liliachiwa maafisa wa serikali.

Maafisa hao walitumia kipimo kimoja, nacho ni mvua. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Lodwar hupata karibu 200 tu. Tofauti hiyo ni ya maumbile, lakini iligeuzwa kuwa sera. Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini eneo lililofungwa, na sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 iliwapa maafisa uwezo wa kuzuia mienendo ya wafugaji na kuwawekea mipaka ya malisho. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika sehemu zilizodhaniwa zingezalisha zaidi, yaani zenye mvua na udongo wenye rutuba. Wizara maalumu ya kushughulikia maendeleo ya kaskazini na maeneo mengine kame ilipatikana 2008 tu.

Vipimo vya mvua havikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika hitimisho, kwa kuwa mfugaji alipimwa kwa mizani ya mkulima. Mkulima huingoja mvua shambani kwake. Mfugaji huifuata ilikonyesha. Kumzuia asihame ni sawa na kumnyima mvua hata inaponyesha.

Jaribio kubwa la kuunganisha elimu hizi mbili lilianza 1976 huko Marsabit, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa uliojulikana kwa kifupi kama IPAL. Uliongozwa kwanza na Hugh Lamprey, na baadaye na Mkenya Walter Lusigi. Watafiti walipima mimea, udongo, maji na mifugo, na mnamo 1984 wakatoa mpango wa matumizi ya rasilimali za magharibi mwa Marsabit. Walibaini kwamba ardhi iliharibika zaidi kandokando ya vituo na visima ambako watu walikuwa wamekita makazi, ilhali malisho ya mbali hayakutumiwa ipasavyo kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Kwa maneno mengine, nyasi zilitegemea ulinzi kama zilivyotegemea mvua. Hata hivyo, wapo wasomi walioulaumu mradi huo kwa kumtwika mfugaji lawama nyingi kupita kiasi.

Gufu Oba, mwanaikolojia kutoka Kenya aliyekuwa profesa nchini Norway, aliupeleka mjadala huo mbele. Katika utafiti uliochapishwa 2001, yeye na mwenzake walilinganisha tathmini za wanaikolojia na zile za wafugaji wa Kiborana kusini mwa Ethiopia kuhusu uharibifu wa ardhi. Mfugaji huipima ardhi kwa kumfikiria mnyama atakayelishwa hapo, kwani pasipomfaa ng'ombe huenda pakamfaa ngamia. Katika vitabu vyake Oba aligusia pia mipaka, dola na vita vya wafugaji, mambo ambayo mwanafunzi wa nyasi pekee asingeyagusa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni upepo. Mnamo 1982, wanasayansi J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walieleza katika jarida la kimataifa kuhusu mkondo wa upepo mkali unaopita kaskazini mwa Kenya. Upepo huo hutoka upande wa Bahari Hindi, ukabanwa baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na kuongeza kasi kama maji yaingiapo katika mfereji mwembamba. Miongo kadhaa baadaye, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilisimikwa Marsabit ili kuuvuna upepo huo, na ikaunganishwa na gridi ya taifa mnamo 2018.

Hesabu ya upepo ilikuwa sahihi. Kilichozua mgogoro ni ardhi ya ekari 150,000 iliyotengewa mradi. Wakazi walienda mahakamani 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hatimiliki zake zilitolewa kinyume cha utaratibu, ikatoa muda wa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro hizo.

Mafuta ya Turkana nayo yana funzo lake. Yalitangazwa kugunduliwa 2012, na mnamo Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ikasafirishwa kupitia Mombasa. Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali hapo. Lakini jamii hiyo ni ipi? Ni walio karibu na kisima, au pia wanaopitisha mifugo hapo wakati wa kiangazi? Swali hilo halijibiwi na mwanasheria asiyejua njia za malisho, wala na mwanajiolojia asiyeijua sheria.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inayotaka mkataba wa uwekezaji katika ardhi hiyo uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Wafugaji sasa ndio wanaopaswa kupiga kura kuhusu pepo, maji na miamba. Wanahitaji mtu wa kuwafafanulia takwimu za mwekezaji kwa lugha yao, na kumfafanulia mwekezaji ramani waliyo nayo vichwani.

Kijana anayefikiria kusomea jiografia, awe wa Mji wa Kale au wa Marsabit, ajue basi kwamba taaluma hii haiishii darasani. Ajifunze kusoma picha za setilaiti na kupima mvua, lakini asome pia sheria za ardhi, na ajifunze Kiborana, Kirendille au Kiturkana. Vyuo vyetu navyo viache kumlazimisha achague upande mmoja.